Santuri Iliyotoka Bombei

Kwa miaka kumi na minne nimepiga santuri za watu hapa Crescent Town, huku Canada, na sikuwahi kuharibu hata moja, mpaka Jumamosi moja ya mwezi wa pili nilipoichuna moja kwa sindano mbele ya mwenyewe, naye akinishukuru. Mpaka leo nikikumbuka, mikono inakufa ganzi. Nasimulia kwa sababu watu wamesikia nusu ya habari, na nusu waliyoisikia inanisitiri kuliko ninavyostahili.

Gramafoni yangu niliinunua kwenye meza ya vitu vikuukuu mbele ya nyumba ya mtu, karibu na barabara ya Danforth. Mwenyewe alikuwa ameiwekea chungu cha maua juu yake. Ni ile ya kuzungusha kwa mkono, haina umeme wala betri: unaijaza mpaka springi iwe nzito, unaiachia sahani izunguke, unashusha mkono wenye sindano, na sauti inatoka kwenye pembe. Hakuna aliyenifundisha. Nilisoma vitabu vya maktaba, nikabomoa, nikaunga, na santuri zangu za kwanza nilizitesa mpaka nikajua.

Santuri za zamani si plastiki. Ni gundi ya wadudu wa nchi ya Wahindi iliyochanganywa na unga wa mawe, ikafinyangwa kiwandani kwa moto na shinikizo. Ikianguka inavunjika kama sahani ya kulia, lakini ugumu wake ndio unaoiwezesha kubeba sindano ya chuma. Sindano ndiyo inayolika, santuri inabaki. Ndiyo maana kila upande nabadilisha sindano, na mtu akiniambia nitumie hiyohiyo, namtazama mpaka aone haya. Naziosha kwa maji ya vuguvugu na tone la sabuni ya vyombo. Sitii spiriti hata siku moja, maana spiriti inaiyeyusha ile gundi. Naziweka zikiwa zimesimama, hazilali, na wakati wa baridi, hita za jengo zikikausha hewa mpaka midomo inapasuka, hamalizi mtu kusalimia ndani kwangu kabla sijamwambia afunge mlango.

Kazi yangu ya mshahara ni kuhudumia wazee, kuwaogesha na kuwalisha. Santuri ni za Jumamosi. Watu wa kwetu huniletea zilizokaa miaka na miaka chini ya nyumba zao: taarabu za zamani, kaswida, nyimbo za Kihindi, hotuba za maharusi. Mimi ni mtu wa Tanga na nina hasira za karibu, kwa hiyo nina masharti. Sharti la kwanza ni kikapu cha simu. Anayeingia anaweka simu yake kikapuni, na kikapu kinakaa nje ya chumba, juu ya kabati la viatu. Mtu akishika simu hasikilizi, anakusanya. Binti yangu, ambaye kila nikimsemesha Kiswahili ananijibu kwa Kiingereza, aliwahi kuniambia kwamba nyumba hii imekuwa kama uwanja wa ndege. Nilimjibu kwamba asiyetaka kupanda asipande. Nilijiona nimesema kitu.

Mwenye ile santuri niliyoichuna, mama mmoja wa Unionville, mbali na kwangu, alinipata kwa mtu aliyekutana naye mazishini. Alinipigia, tukasalimiana, akaniambia ana santuri moja tu na haijawahi kupigwa. Nikamwambia alete. Mwanawe alimleta hadi mlangoni, akaomba radhi kwamba ana simu za kazi, akashuka kumngojea garini. Tukabaki watatu: huyo mama, mimi, na binti yangu ambaye alikuwa amekuja na nguo zake kufua, kama kila Jumamosi tangu ahame.

Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba kwa Kiswahili cha Tanga kilichonyooka kuliko changu. Wazee wake walikuwa Wahindi Washia wa barabara za kati za mji, wenye duka la vitambaa. Alikuwa anakaribia themanini, mwembamba, amevaa koti zito, na kila sikio lina kifaa chake cha kusikilizia. Aliniambia mwenyewe kwamba vifaa hivyo vinamletea kelele nyingi na maneno machache. Nikamtilia chai, nikaweka na kaimati, akanisimulia.

Alipokuwa na miaka sita, baba yake alisafiri kwenda Bombei kutibiwa kifua. Huko, karibu na hospitali, palikuwa na kibanda cha kurekodia sauti: unaingia, unazungumza, na unatoka na santuri yako papo hapo, uipeleke posta. Baba akarekodi, akatuma. Santuri ikafika Tanga siku za mwanzo za Muharamu. Sasa, katika nyumba za Washia, tangu mwezi huo uandame, kwa miezi miwili na siku nane ya maombolezo, hakuna muziki wala sherehe. Gramafoni ya nyumbani kwao ilikuwa tayari imefunikwa kitambaa cheusi. Babu, mkwe wa mama yake, akasema santuri ni santuri, hata kama ndani yake hamna ngoma, na ikingoja haitaoza. Wakaiweka. Kabla siku hizo hazijaisha, ikaja simu ya maandishi kwamba baba amefariki.

Basi mama yake akasema hawezi kusikiliza sauti ya maiti. Akaifunga santuri kwa kanga, akaitia sandukuni. Akakaa eda yake, miezi minne na siku kumi, na eda ilipomalizika tu akaolewa na mtu mwingine. Huyu mama alilitaja hilo la kuolewa kwa sauti ya chini, huku anakung'uta sukari ya kaimati vidoleni.

"Hata mwaka haukugeuka," akasema.

Sanduku lile lilihama nao mpaka Canada. Mama yake alifia Unionville, kwenye nyumba ya binti yake, na santuri ikapatikana ndani ya kanga ileile. Alichotaka huyu mama kukijua kilikuwa kitu kimoja: baba yake aliacha maneno gani kwa ajili ya mama yake. Babu na shangazi zake walikuwa wakisema miaka yote kwamba marehemu alisahaulika upesi. Yeye amekua na maneno hayo. Alitaka kuyasikia ya baba mwenyewe, kwa mdomo wake mwenyewe, kabla na yeye hajaondoka.

Mimi nilimsikiliza huku macho yangu yako kwenye ile kanga. Naomba nieleweke: nilimhurumia. Lakini mpiga santuri akiona santuri haijawahi kupigwa, damu inamchemka, na mimi nilikuwa nimeshaanza kuona heshima nitakayoipata.

Nikaifungua. Ilikuwa nyepesi. Nilihisi wepesi ule kwenye vidole na nikaupuuza. Karatasi ya katikati iliandikwa kwa wino, si kwa chapa. Kando ya tundu la katikati palikuwa na vitundu vingine vidogo vitatu, na ukingoni, mahali rangi nyeusi ilipobanduka, paling'aa kitu cheupe kama kifuniko cha sufuria. Yote hayo niliyaona. Na nilikuwa nimeambiwa kwa masikio yangu kwamba ilitengenezwa papo hapo kibandani, wakati najua fika kwamba santuri ya gundi haiwezi kutengenezwa papo hapo, inataka kiwanda. Nilikuwa nimesoma habari za zile nyingine, ambazo ni bati la aluminiamu lililopakwa rangi laini, jamaa ya hii rangi ya kucha. Zile hazipigwi kwa gramafoni ya kuzungusha hata siku moja. Zinataka mashine yenye sindano nyepesi kama unyoya, na mtu mwenye subira. Nilijua. Hilo ndilo linaloniuma. Ningekuwa sijui ningejisamehe.

Binti yangu aliuliza, kwa Kiingereza, kama anaweza kwenda kuchukua simu yake arekodi, kwa kuwa ni sauti ya baba wa mtu. Nikamwambia masharti ni masharti. Yule mama alitaka kusema neno, nikamwahi: nikamwambia kwanza tusikilize kwa adabu, kurekodi kutakuja, santuri haikimbii. Nikaijaza gramafoni, nikatia sindano mpya ya chuma, nikamsogeza mama wa watu mpaka goti lake likagusa meza na sikio lake likaelekea kwenye pembe. Nikashusha mkono.

Kwanza ikatoka kelele, kisha mtu akakohoa, kisha akaongea.

Nimesikia wafu wengi wakiimba, lakini wale waliimba kwa ajili ya watu wote. Huyu alikuwa anaongea na mtoto mmoja. Alimwita kwa jina lake la utani la nyumbani, ambalo sitaliandika. Alizungumza Kiswahili, na akasema kwa nini: yule mwenye mashine amesimama hapa, na Kiswahili hakijui. Akaeleza kwamba dirisha la hospitali linaonyesha ukuta tu. Akauliza kama viatu vyekundu vimemtosha. Yule mama alikuwa ameshika pembe ya gramafoni kwa mikono miwili, kama anavyoshikwa mtu mashavuni, na kila sauti iliponyamaza kidogo yeye alijibu.

"Naam, baba."

Hapo ndipo nilipotazama chini. Kutoka kwenye ncha ya sindano ulikuwa unatoka uzi mweusi, mwembamba kuliko unywele, unajikunja na kulala juu ya santuri. Nikafikiri ni vumbi. Ukaendelea. Ukawa fungu dogo, likazunguka na sahani, likarudi tena mbele yangu. Sindano ilikuwa inachimba. Ule mfuo ambamo sauti inakaa ulikuwa unang'olewa na kutupwa kando, na kilichokuwa kikitoka kwenye pembe kilikuwa kinatoka kwa mara ya kwanza na ya mwisho.

Nilipaswa kuinua mkono ule. Ni kazi ya kidole kimoja. Ningesema, mama, simama, nimekosea, iliyobaki tutaipeleka kwa wenye mashine yake. Zaidi ya nusu ingeokoka. Nimejiambia mara nyingi kwamba sikutaka kumkatiza na baba yake, na watu niliowasimulia wamenipa pole kwa huruma yangu. Si kweli. Nilishindwa kusema nimekosea. Nilisimama pale nimeganda, natazama uzi unavyozidi, na kidole changu kikabaki hewani juu ya mkono wa gramafoni mpaka sindano ikafika katikati na kugonga.

Yule mama aliachia pembe. Machozi yalikuwa yamemfika shingoni na wala hakuyafuta. Alinishukuru, akaniombea dua, akawaombea na wazazi wangu. Kisha akasema:

"Irudie."

Nilitafuta sindano laini kuliko zote nilizonazo, ya mwanzi, ambayo naitumia kwa santuri zinazougua. Nilijua haitasaidia kitu. Nikapangusa ule uzi kwa kiganja, upesi, kama mwizi, nikashusha mkono. Pakatoka mvumo, kama mafuta ya kukaangia. Nikasogeza mbele. Mvumo. Nikasogeza tena, pakasikika kikohozi, nusu yake, kisha mvumo.

Binti yangu alikuwa amesimama mlangoni na kikapu cha nguo kiunoni. Nilimwona anatazama kiganja changu chenye nyuzi nyeusi. Sikuwa na pa kujificha.

"Nimeiharibu, mama," nikasema. "Si santuri ya mashine hii. Sindano imeichuna yote."

Nilingoja anitukane. Ningependa anitukane. Alinitazama kama hajanielewa, kisha akaanza kurekebisha kifaa cha sikio lake la kulia. Akasema basi nimwambie mimi. Yeye alichokisikia vizuri ni sauti, na jina lake, na viatu, mengine yalimpita. Mimi nina masikio mazima na Kiswahili ni changu. Nimwambie yote aliyosema baba yake, tangu mwanzo.

Nikamwambia. Mwenye mashine, dirisha, ukuta, viatu. Nilisimulia vizuri, hata ile namna yake ya kuvuta pumzi. Alikuwa anaitikia kwa kichwa, anakula kila neno. Tukafika mahali ambapo uzi ulianza.

"Na mama?" akauliza. "Kuhusu mama alisema nini?"

Nilikuwepo, nimesimama hatua moja kutoka kwenye pembe, na tangu nilipouona ule uzi sikusikia neno. Sauti ilikuwa inapita tu. Kumwambia kwamba nimeiua santuri ya baba yake kulikuwa kumenimaliza nguvu zote. Kumwambia kwamba hata kusikiliza sikusikiliza, ulimi ulikataa. Nikatafuta kitu ambacho mgonjwa yeyote aliye mbali angesema, kitu kizuri, cha kumtuliza.

"Alisema mumngoje," nikasema. "Alisema anarudi."

Nilishtuka kusikia sauti yangu ilivyotulia. Yeye hakulia tena. Alikunja kitambaa chake cha mkono, akakikunja tena kikawa kidogo kabisa, akakitia mfukoni. Akasema kwa hiyo baba yake alikufa akijua anangojewa. Binti yangu akamsindikiza kwenye lifti, mwanawe akampokea chini, na mimi nikakaa sakafuni nikiokota nyuzi moja moja na kuzitia kwenye bahasha, sijui za nini.

Jumanne akanipigia simu. Nilidhani sasa matusi yamekuja. La, alinipigia kunishukuru tena. Alisema ameipata amani, kwa kuwa sasa anajua. Babu na shangazi zake hawakusema uongo. Mtu yuko kitandani Bombei, hawezi kuvuta pumzi, anaomba angojewe, na mke anahesabu siku za eda ziishe aolewe. Alisema yote hayo polepole, bila hasira, na hilo likanitisha zaidi.

"Picha ya mama iliyokuwa sebuleni nimeishusha," akaniambia. "Siwezi kula mbele yake."

Nilikuwa kazini, nimemshika mzee wa watu bafuni, simu iko begani. Nusura nimwangushe. Sijui niliitikia nini. Siku nzima niliona giza. Nilikuwa nimempa neno la kumfariji, naye amelichukua kumhukumu mama yake kaburini. Na sikuweza hata kulirudisha, kwa sababu sikujua la kweli ni lipi la kuweka mahali pake.

Jioni nilimwita binti yangu, nikamweleza yote, na ile aibu ya kutosikiliza nikaitoa. Kwake sikuwa na heshima kubwa ya kupoteza, nilifikiri. Alinisikiliza mpaka mwisho, halafu akasema, kwa Kiingereza chake, kwamba yule mtu wa kwenye santuri hakusema hivyo hata kidogo.

Nilimkazia macho. Nikamuuliza kwa nini hakusema palepale. Alijibu kwamba alidhani yeye ndiye aliyesikia vibaya. Kila akifungua mdomo kwa Kiswahili mimi hucheka au humsahihisha, basi atanisahihishaje mimi, tena mbele ya mgeni? Akaliondoa shaka hilo kichwani, akaenda kukunja nguo zake.

Nilimwomba aniambie alichosikia. Alifumba macho. Mtoto huyu alisoma madrasa ya Jumamosi tangu ana miaka mitano, akahifadhi sura nzima nzima kwa sikio bila kujua maana ya neno, na akifumba macho hivyo najua anakwenda kuzitafuta mahali zilipo. Akaanza kusema, Kiswahili kitupu, na kwa mwendo wa sauti ya yule mtu, pamoja na pale alipovuta pumzi. Alipofika mwisho akafumbua macho na kuniuliza radhi ni nini.

Nilimweleza radhi ni nini. Ilinichukua muda, maana nilikuwa nalia.

Jumamosi iliyofuata tulipanda treni, kisha mabasi mawili, tukaenda Unionville kwenye theluji ya kufika magotini. Njiani nilipanga maneno ya kuomba msamaha, nikayapanga upya, na tulipofika yakanikimbia yote. Mwanawe alitufungulia, akapanda zake juu. Mama alikuwa sebuleni. Ukutani, juu ya kochi, palikuwa na msumari na mraba wa rangi iliyokolea kuliko ukuta mwingine.

Nilisema nikiwa bado nimesimama, na koti mwilini. Nikasema kwamba nilichomwambia hakikusemwa na baba yake, nilikitunga mimi. Na aliyesikia ni huyu. Nikamsukuma binti yangu mbele kidogo. Akafumba macho.

"Mwambie mama yako nimempa radhi zote," akasema binti yangu. "Nisipopona asikae na kilio. Aolewe mapema, apate wa kumtazama. Mimi nimependa iwe hivyo. Na wewe mwanangu, huyo atakayekuja umpende, umwite baba."

Yule mama alikuwa amefungua mdomo kidogo na hakuufunga. Nilielewa, nikiwa nimesimama pale, kwa nini yule mtu alimtuma mtoto. Wanaume wa zama zake hawakumsemesha mke maneno ya namna hiyo mbele ya watu, hata mbele ya fundi asiyejua lugha. Alimpa mtoto ampelekee mama, na siku hiyohiyo mtoto naye alisikie lililo lake. Na radhi ile haikumfikia. Mke yule aliolewa bila kujua kwamba ameruhusiwa, akasemwa, akazeeka, akafa katika nyumba hii.

Yule mama aligeuka kwangu.

"Wewe uliyasikia haya?"

"Sikuyasikia, mama. Nilikuwa natazama sindano."

"Ukaniambia mumngoje."

"Ndiyo."

Akanyoosha mkono, si kwangu, akamshika binti yangu kiganja na kumketisha kando yake.

"Wewe nenda kakae nje," akaniambia. "Mtoto abaki."

Nikatoka. Nilikaa kwenye ngazi ya korido, kati ya viatu vya watu, mlango umefungwa nyuma yangu. Nilimsikia binti yangu akiyasema maneno yale tena, na tena, na mara ya nne, kila mara akianza mwanzo. Kisha yule mama akaanza kusimulia. Alisema yule bwana aliyemwoa mama yake ndiye aliyemsomesha. Ndiye aliyempeleka hospitali mgongoni siku ya homa, mvua inanyesha. Aliishi nao miaka thelathini na tisa, na yeye hakuwahi kumwita ila bwana, kwa sababu baba yake alikuwa mmoja.

"Siku ya kufa aliniomba maji," alisema. "Nikamshika kichwa. Nikamwambia, kunywa, bwana."

Kisha nikamsikia yule mama anamwomba aseme tena, pale pa mwisho tu, na aseme polepole. Binti yangu akasema.